Kiwanja cha Maskini

Wasee, mimi niliacha chuo, lakini hii hata darasani sikufunzwa. Tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi kama 15,000 wa bandari, reli na mahoteli waligoma hapa Mombasa. Siku 12, mji kimya. Walikuwa wanakutana wapi? Uwanja wa mpira tu, wakaupa jina Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia akaongoza. Mishahara ikaja kuongezwa, lakini Agosti yeye akakamatwa, akapelekwa Kabarnet.

Sisi wa Kibarani tumekulia kando ya jaa la taka. Siku hizi limefungwa, miti imepandwa, watu wanapiga picha. Poa sana. Ila uwanja unakuwa wetu siku tunakutana hapo na kusema yanayotuuma. Mtaani kwenu mnakutania wapi?