Historia ya Kitanda na Nguvu za Wazee

  Wekeni kalamu chini kwanza, msikilize.

Historia tunayosoma leo haina mfalme wala vita. Ni historia ya kitanda, na jinsi waganga walivyochukua miaka mingi kutambua kwamba kitanda chaweza kumnyang'anya mzee nguvu zake.

Kila mmoja wetu anaijua desturi ya nyumbani. Mzee akishaota mvi na kuanza kushika kiuno, watoto humpokea jembe mkononi. "Baba, pumzika. Mama, kaa kitako, wajukuu watateka maji." Ni desturi njema, na mtoto asiyeifuata huambiwa hana adabu. Lakini huyo mzee aliyeketishwa kwa heshima, miguu yake yapata faida gani? Swali hilo liliulizwa kwanza mahali pa mbali, hospitalini, kwa wagonjwa walioketishwa na kulazwa kwa sababu nyingine kabisa.

Zamani waganga wa Ulaya waliamini sana dawa ya kupumzika. Katika mwaka wa 1863 mpasuaji mmoja wa London, John Hilton, alitoa kitabu mashuhuri juu ya mapumziko na maumivu. Mfupa uliovunjika haungi ukitikiswa, na katika jambo hilo alisema kweli. Lakini wafuasi wa fikira hizo walizidisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtu aliyepatwa na ugonjwa wa ghafula wa moyo alilazwa majuma 6, na mama aliyejifungua alikaa kitandani siku 10 au zaidi. Mzee asiye na mtu wa kumtunza alilazwa tu, pasipo hesabu ya siku.

Sasa tuingie katika hospitali moja. Iko Isleworth, magharibi ya London, na wakati huo jina lake lilikuwa West Middlesex. Katika mwaka wa 1935 hospitali hiyo ilikabidhiwa nyumba ya jirani, iliyokuwa ya kuwatunzia wagonjwa maskini. Daktari aliyepewa kazi ya kuiangalia alikuwa mwanamke, Bibi Marjory Warren, mwenye umri wa miaka kama 38. Alikuta vitanda 714. Ndani yake walilala wazee waliopooza kwa kiharusi, wazee waliopotewa na akili, na wengine ambao hawakuwa na ugonjwa mkubwa ila walikosa pa kwenda. Wote walichanganywa pamoja, na wengi hawakuwa wamepimwa na daktari sawasawa tangu kuingia. Kazi ya wauguzi ilikuwa kuwalisha, kuwasafisha na kuwageuza.

Fikirini mtu aliyelala hivyo miaka miwili. Magoti yamekunjana hata hayanyooki. Ngozi ya kiunoni imetoboka vidonda. Misuli ya mapaja imenyauka kama mhogo uliosahauliwa juani. Mgeni akimwona husema, "Ni uzee huo." Bibi Warren alikataa kusema hivyo. Alimpima kila mmoja, akauliza ugonjwa wake hasa ni nini, kisha akawagawa: huyu wa kutibiwa, huyu wa kufundishwa kutembea tena, huyu wa kukaa katika nyumba ya wazee, si hospitalini. Alitaka wadi ziwe na mwangaza na rangi ya kupendeza, wazee wavae nguo zao na kuondoka kitandani, na wawe na mahali pa kushika wanapojaribu kwenda. Aliyepooza upande mmoja alifundishwa kwanza kuketi, halafu kusimama, halafu hatua moja.

Basi matokeo yake? Wazee wengi waliodhaniwa kuwa wataondoka pale katika jeneza waliondoka kwa miguu yao. Vitanda vya wazee vikapungua kutoka 714 hata vikafika 240. Bibi Warren aliandika habari hizo katika magazeti ya waganga katika miaka ya 1943 na 1946, na mwaka wa 1947 alikuwa miongoni mwa waganga walioanzisha chama cha Uingereza cha utabibu wa wazee. Mwaka huohuo wa 1947 daktari mwingine wa London, Richard Asher, aliandika makala fupi kuwaonya wenzake juu ya hatari za kulala kitandani. Alitaja mwili kiungo kwa kiungo: mapafu hujaa makohozi, damu huganda miguuni, mifupa hulainika, choo hufunga, hata moyo wa kutaka kuishi hupungua. Bibi Warren alifariki mwaka wa 1960. Kwa maoni yangu watu wachache wamewafaa wazee kuliko yeye, na ni ajabu kwamba jina lake halijulikani nje ya hospitali.

Lakini mtu aweza kubisha. Pengine wazee wale wa Isleworth hawakuwa wazee kweli, walikuwa wagonjwa waliopona. Uzee wenyewe je? Nao watoka kitandani?

Hapa twende Dallas, Marekani, mwaka wa 1966. Wataalamu waliwalaza vijana 5 wa kiume, wa miaka kama 20, wenye afya nzuri, kwa majuma 3. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia hewa wakati wa kazi ngumu ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Mwaka wa 1996 watu walewale 5 walitafutwa wakapimwa tena. Walikuwa sasa watu wa miaka 50, wengine wamenenepa. Ikaonekana kwamba miaka 30 ya maisha haikuwa imewapunguzia uwezo huo kama yale majuma 3 ya kitanda. Tafadhali mwalimu arudie jambo hilo polepole kwa darasa, maana mimi mwenyewe nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani ni kosa la mpiga chapa.

Na kwa mzee hasara ni ya haraka zaidi. Mwaka wa 2007 ilitangazwa habari ya wazee wazima wa afya, wa miaka kama 67, waliolala siku 10 kwa ajili ya utafiti. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni.

Sasa jambo la furaha. Mwaka wa 1990, katika mji wa Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hata 96. Waliwapa kazi ambayo wengi wangeiita ukatili: kunyoosha mguu na kuinua uzito, mara 3 kwa juma, uzito ukiongezwa kadiri wanavyoweza. Mmoja aliacha kabla ya mwisho. Wale 9 waliomaliza majuma 8 waliongeza nguvu za mapaja kwa wastani wa asilimia 174, yaani zikawa zaidi ya mara mbili ya mwanzo. Wawili wakaacha mikongojo. Lakini walipoacha mazoezi, katika majuma 4 tu nguvu zikashuka tena kwa asilimia 32. Ni kama moto wa jikoni. Usipotiwa kuni, hauulizi uliwashwa na nani.

Mwaka wa 1994 jaribio lilirudiwa kwa wazee 100. Wengine walipewa mazoezi, wengine kinywaji cha kutia nguvu, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa hiki wala kile. Waliopewa mazoezi walipata nguvu, wakatembea upesi zaidi na kupanda ngazi vizuri zaidi. Kinywaji peke yake hakikuwaondolea udhaifu. Nasema hivi kwa sababu sisi hudhani uji mzito na supu ya mifupa vyatosha. Mzee anahitaji kula vizuri, tena sana, lakini chakula hakijengi msuli usiotumika.

Na hapa kwetu? Karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wanakaa Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes na wenzake waliona kwamba mabibi waliokwisha pita umri wa kuzaa hawakuketi kungoja kuletewa chakula. Walitumia muda mwingi porini wakichimba, wala hawakuwa nyuma ya wanawake vijana. Mwaka wa 2017 ilitangazwa kwamba Wahadzabe waliopimwa mapigo ya moyo walikuwa katika kazi ya kuchangamsha mwili dakika 135 kwa siku, kwa wastani, na wazee wao hawakupungukiwa sana na vijana.

Msinielewe vibaya. Sisemi tuwatwishe wazee magunia. Mtu mwenye homa apumzike, na mwenye maumivu ya kifua amwone mganga kabla ya kujaribu lolote. Lakini mama anayetaka kupalilia bustani ya mchicha, na ana nguvu za kuipalilia, kwa nini tumzuie?

Sasa chukueni kalamu. Katika mwaka wa 2001 Linda Fried na wenzake, wa Marekani, walitaja dalili 5 za mzee anayedhoofika: kukonda bila kukusudia, kuchoka mno, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo kuwa wa polepole, na kutojishughulisha na kazi za mwili. Mwenye dalili 3 au zaidi amekwisha dhoofika. Mwenye 1 au 2 yuko njiani.

Mwalimu wa darasa apime mita 4 kwa kamba na kuchora mistari miwili sakafuni. Kila mzee anayependa aanze kutembea hatua chache kabla ya mstari wa kwanza, kwa mwendo wake wa kila siku, na mwenzake ahesabu kwa saa yenye mshale wa sekunde. Anayezidi sekunde 5 mwendo wake umekuwa wa polepole. Mwenye mkongojo apite na mkongojo wake, na kijana mmoja atembee ubavuni pake. Andikeni sekunde na umri wa kila mtu daftarini. Tutazihitaji katika somo la juma lijalo.