Viti vya Watawala, Miti ya Mbali

Bujora, karibu na Kisesa nje kidogo ya Mwanza, pana makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri Mkanada, David Clement, katika miaka ya 1950. Mojawapo ya majengo yake limepewa umbo la kiti cha mtemi, yaani mtawala wa jadi. Naliona kuwa ndilo jengo la maana kuliko yote pale, kwa sababu ukandani huku utemi na kiti havikutenganishwa.

Kusini zaidi, Unyamwezini, kilichongwa kiti mashuhuri cha mtemi wa Buruku, ambacho Wajerumani walikichukua hadi Berlin. Kina miguu mitatu na mgongo mrefu wenye umbo la mtu, na chote kimetoka kwenye gogo moja. Fundi hakuunga kitu. Alipunguza mti hadi kiti kikabaki.

Huko China mafundi walishika njia nyingine kabisa. Mwaka 1567 watawala wa nasaba ya Ming walilegeza marufuku ya biashara ya baharini, na miti migumu ya Asia ya Kusini-Mashariki ikamiminika nchini. Mafundi wa mji wa Suzhou waliitumia kutengeneza viti na meza bila misumari: ulimi wa ubao mmoja ukaingia kwenye tundu la mwingine. Kilichonivutia zaidi ni ubao wa kukalia. Waliutia kwenye mfereji ndani ya fremu, ukiwa huru, wakijua kwamba mbao huvimba wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu. Ndiyo maana viti vya karne nne bado vimesimama. Chini ya nasaba iliyofuata, ya Qing, hasa enzi za mfalme Qianlong, nakshi zilizidi: majoka, mawingu, maua, hadi mahali pengine mti wenyewe hauonekani vizuri.

Pwani yetu nayo ilikuwa na kiti cha enzi, cha mpingo kilichopambwa kwa pembe za ndovu, fahari ya nyumba za waungwana wa Lamu na Pate.

Utemi ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963. Viti vya watawala vikapoteza wenyewe, lakini mpingo haukupumzika. Mwaka 2000 China ilipotangaza orodha rasmi ya miti inayostahili kuitwa hongmu, yaani mbao nyekundu za samani za thamani, mpingo wa Afrika Mashariki uliingizwa humo. Mti huo huchukua miongo mingi kukomaa. Tangu Januari 2017 magogo yake hayavuki mpaka kihalali bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.