Mbuni Chini ya Mgomba

Mtu apandaye kutoka Himo kwenda Marangu huona migomba pande zote mbili za njia, na asipotazama vema hataiona kahawa. Kahawa imo, lakini imekaa chini ya migomba. Jambo hilo lina historia yake, na nadhani wengi walioandika habari za kahawa ya Kilimanjaro wamelipita upesi mno.

Kahawa ililetwa na mapadre wa Roho Mtakatifu waliokaa Kilema, mwishoni mwa karne ya 19. Walowezi wakafuata, wakafyeka ardhi, wakapanda mibuni mitupu kwa safu. Mchaga hakufanya hivyo. Yeye alikuwa na kihamba alichorithi kwa baba yake, nacho kilikwisha jaa: migomba, viazi vikuu, maharagwe, ng'ombe afungwaye nyumbani na kuletewa majani, na mfongo uletao maji kutoka korongoni. Mbuni ukatiwa katikati ya hayo yote. Mgomba uliupa kivuli, ng'ombe samadi, mfongo maji. Na kwa kuwa kazi ilifanywa na watu wa nyumba moja, hapakuwa na kibarua wa kulipwa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, afisa wa serikali huko Moshi, aliwahimiza wenyeji wapande zaidi. Walowezi walichukizwa. Walisema kwamba mashamba madogo yataeneza wadudu na magonjwa. Huenda wengine waliamini hivyo. Lakini msomaji atatambua kuwa mtu mwenye mibuni yake mwenyewe haendi kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, rais wake akiwa Joseph Merinyo, ili wanunue dawa na kuuza kahawa kwa pamoja. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichosimamiwa na serikali kwa karibu zaidi. KNCU husifiwa kwa haki, hasa kwa elimu iliyogharimiwa kwa fedha ya kahawa. Hata hivyo isisahauliwe kwamba mwaka 1937, bei zikiwa duni na mkulima akikatazwa kuuza penginepo, wakulima wenyewe waliyashambulia maghala yake.

Lakini ugomvi mwingine, usioandikwa sana, ulikuwa ndani ya nyumba. Kahawa njema haitaki haraka. Huchumwa zile nyekundu tu, nazo haziivi siku moja, hata mchumaji huurudia mti ule ule mara nyingi. Humenywa siku iyo hiyo, huvundikwa, huoshwa mpaka utelezi uishe, kisha huanikwa juu ya vichanja na kugeuzwa kutwa, na wingu likitanda hufunikwa mbio. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya mama na watoto. Kwa desturi, hata hivyo, ndizi zilikuwa za mke na kahawa ya mume. Jina lililoandikwa katika daftari la chama lilikuwa la mume, na fedha akapokea yeye.

Kisha kihamba kikaanza kugawanywa. Desturi ilimpendelea mwana wa kwanza na yule wa mwisho, ambaye ndiye akaaye katika nyumba ya baba. Wa katikati walitafutiwa penginepo. Mbuni huishi miaka mingi, basi shamba lililokwisha pandwa halikuachwa, na mlima haukuongezeka.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya 1982 ikaviruhusu tena. Katika miaka hiyo na iliyofuata, bei ya kahawa ilipanda na kushuka, dawa zikawa ghali, na mibuni mingi ikazeeka. Katika vihamba vingi imekwisha ng'olewa. Mahali pake hupandwa migomba zaidi, maharagwe na mboga. Mama huvipeleka sokoni yeye mwenyewe, na fedha yake huifunga katika pindo la kanga.