Mstahiwa Bede

Neno la Kiingereza «venerable» humtaabisha mfasiri wa Kiswahili. Wepesi wetu ni kuliandika «mheshimiwa», nalo siku hizi limekwisha kufungwa na viti vya bunge. «Mstahiki» nalo limetwaliwa na mameya. Asili ya neno hilo ni Kilatini, na shina lake ni lile lile la jina Venus, yaani mapenzi. Anayeitwa hivyo hunyenyekewa kwa kuwa amependwa.

Waingereza walimpa Bede, mtawa wa Jarrow aliyefariki mwaka 735. Hakuwa askofu wala mkuu wa nyumba yake ya watawa. Alisoma, akafundisha, akatimiza historia ya kanisa la Waingereza mwaka 731. Na maradhi ya mwisho yalimkuta akifasiri Injili ya Yohana kwa lugha ya kwao. Jina hilo lilimshika katika karne ya tisa, mwenyewe keshazikwa.

Kiswahili kina kitenzi «kustahi», ambacho ndani yake mna haya: hustahiwa yule ambaye mbele yake watu huona soni kutenda ovyo. Basi Bede nitamwita mstahiwa, neno ambalo bado halina kiti.