Sauti ya simuni, mikono ya aliyepo

Zamani Upareni, mgonjwa aliyezidiwa alishushwa mlimani kwa machela. Yowe lilipigwa, vijana wakakusanyika, wakapokezana mabegani kutoka Chome, Mbaga au Vudee mpaka kwenye barabara ya gari. Yowe liliita watu, lakini halikumwambia aliyebaki na mgonjwa afanye nini wakati wenzake bado wako njiani.

Simu ya dharura nayo ilianza hivyohivyo. London ilifungua namba 999 mwaka 1937, baada ya wanawake watano kufa kwa moto katika mtaa wa Wimpole. Marekani ilianza na 911 mwaka 1968, katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Kazi ya mpokeaji ilikuwa kuuliza mahali na kutuma gari.

Wakati huo dawa ya moyo uliosimama ilikwisha kupatikana. Mwaka 1960, watafiti watatu wa Baltimore, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walichapisha habari kwamba moyo ukisimama, damu inaweza kusukumwa kwa kubonyeza kifua kwa viganja vitupu. Shida ilikuwa muda. Kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10, na hakuna gari linaloshindana na hesabu hiyo.

Katikati ya miaka ya 1970, mhudumu wa zimamoto wa Phoenix, Arizona, Bill Toon, alipigiwa simu na mama ambaye mtoto wake mchanga alikuwa hapumui. Hakuwa na mwongozo wowote mezani, lakini alibaki kwenye simu akimwelekeza mama yule hatua kwa hatua. Mtoto akapona.

Kilichofanywa na mtu mmoja kwa huruma, wengine wakakigeuza kuwa utaratibu. Daktari Jeff Clawson wa Salt Lake City aliandaa kadi za maswali na maelekezo kwa wapokea simu. Huko King County, jimbo la Washington, Mickey Eisenberg na wenzake walipima matokeo, wakayachapisha mwaka 1985: kati ya watu ambao moyo ulisimama, waliosaidiwa na waliokuwa karibu waliongezeka kutoka asilimia 45 hadi 56.

Wapokea simu walijifunza pia kwamba mkoromo hudanganya. Mtu ambaye moyo umesimama huweza kutweta kwa vipindi, na ndugu zake wakasema, "Bado anapumua." Kwa hiyo maswali yakabaki mawili: Anaitika ukimwita? Anapumua kama kawaida? Yote mawili yakijibiwa hapana, kazi ya kubonyeza kifua inaanza. Mwaka 2000, utafiti wa Seattle ulionyesha kwamba kwa mtu mzima, maelekezo ya kubonyeza kifua peke yake hayakuwa duni kuliko ya kubonyeza na kupuliza mdomoni. Mtoto na aliyezama majini bado wanahitaji pumzi.

Tanzania tumepita njia yetu. Kuanzia 2009, wakunga katika hospitali nane walifundishwa kumsaidia mtoto mchanga avute pumzi ndani ya dakika ya kwanza, na vifo vya saa 24 za mwanzo vikapungua kwa asilimia 47. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura. Kisha ukaja mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipata dharura, namba 115 hupigwa bure. Mratibu hupima hali kwa maswali, kisha huita gari la wagonjwa au dereva wa ngazi ya jamii, anayelipwa kwa simu.

Kwa hiyo yule wa kuuliza maswali simuni tunaye tayari. Ninachotamani ni sauti hiyo imfikie kila ambaye moyo wake umesimama, na ibaki ikihesabu mpaka gari lifike. Sisi wa Same, huku Upareni, tunaihitaji kuliko wengi: juu kuna njia za mlima, chini kuna barabara kuu. Ajali ya barabarani ya Juni 2025 katika eneo la Sabasaba, hapa Same, iliyoua watu zaidi ya 38, ilitukumbusha kwamba mwokozi wa kwanza ni yule aliyepo.

Mwalimu, kondakta, dereva wa bodaboda, jifunzeni leo. Mtu asipoitika wala kupumua kama kawaida, piga simu kuita msaada, weka spika, iache sakafuni. Mlaze mgonjwa chali mahali pagumu. Kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, mikono imenyooka. Bonyeza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kirudi juu kila mara. Ukichoka, mpokeze mwenzako.

Wazee wetu waliposikia yowe hawakuuliza ni la nani, walikimbia. Nasi tukimbie, ila tufike tukijua mikono inawekwa wapi.