Kadi nyekundu tano za 1974: hesabu ya faulo inasema nini, na inaficha nini



Kila Kombe la Dunia likikaribia, ile video inarudi kwenye simu zetu. Mnaijua. Brazil wanapiga mpira wa adhabu, Rivelino na wenzake wamesimama mbele ya mpira, arbitre anapiga filimbi, na mchezaji mmoja wa Zaire anatoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali. Watu wanacheka. Chini yake wanaandika kila mara jambo moja: Waafrika wa ile wakati hawakujua hata sheria za mpira.

Mchezaji huyo anaitwa Mwepu Ilunga. Alikuwa beki wa kulia wa Mazembe, mtu wa hapa kwetu. Mimi nilisoma agronomia, sikusoma michezo, lakini kazi yetu ya agronomia ni kusoma namba za shamba bila kudanganywa nazo. Kwa hiyo leo nataka tusome pamoja namba za faulo na za kadi, tuanzie na Kombe la Dunia la 1974. Ninachosema ni kimoja: hesabu ya faulo haihesabu yaliyofanyika uwanjani. Inahesabu yale arbitre aliyoyaona na kuyaandika. Kati ya hayo mawili, sifa ya mtu inaweza kupotea.

Kwanza, kadi zenyewe zilitoka wapi? Kwenye Kombe la Dunia la 1962, Chile na Italia walipigana zaidi ya kucheza, kule Santiago. Arbitre alikuwa Mwingereza, Ken Aston. Mwaka 1966 nyota wa Brazil, Pelé, alipigwa miguu na Bulgaria, kisha na Ureno, mpaka akashindwa kucheza vizuri, na ile wakati hakukuwa ruhusa ya kubadilisha mchezaji. Kwenye kombe hilohilo Antonio Rattín wa Argentina alifukuzwa katika mechi na Uingereza, akakataa kutoka kwa dakika nyingi, juu yeye na arbitre hawakusikilizana lugha. Aston njo aliyeleta wazo la rangi: njano na nyekundu, sawa taa za barabarani, ili kila mtu aelewe bila maneno. Kadi zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970, Mexico. Kule hakuna hata mmoja aliyepata nyekundu. Nyekundu ya kwanza kwenye Kombe la Dunia ilionyeshwa tarehe 14 Juni 1974, kwa Carlos Caszely wa Chile, katika mechi na Ujerumani Magharibi. Siku hiyohiyo, Dortmund, Zaire walicheza mechi yao ya kwanza, wakafungwa na Scotland 2-0.

Sasa, Zaire walikuwa watu gani? Hapa njo kejeli inaanza kuanguka. Ekipe yetu ya Lubumbashi, Englebert, ile tunayoiita leo Mazembe, ilichukua Kombe la mabingwa wa Afrika 1967 na 1968, kisha ikafika fainali tena 1969 na 1970. Fainali nne mfululizo! Timu ya taifa ilichukua Kombe la Afrika 1968 pale Addis Ababa, ikaifunga Ghana 1-0. Mwezi wa 3 mwaka 1974 ikachukua tena, Cairo, mbele ya jirani zetu wa Zambia: 2-2, mechi ikarudiwa, 2-0. Magoli yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba. Katika kombe lile alifunga magoli 9. Mtu aliyecheza mpira wa ngazi hiyo, mbele ya maarbitre wa nchi mbalimbali, hajui kwamba mpira wa adhabu si wake? Hapana.

Tuje kwenye tarehe 18 Juni 1974, Gelsenkirchen, Zaire na Yugoslavia. Wachezaji walieleza baadaye kwamba walikuwa wamepata habari kuwa pesa walizoahidiwa hazitafika mikononi mwao, na roho ya kucheza ilikuwa imekatika. Baada ya dakika 20 hivi walikuwa wamefungwa 3. Kipa Kazadi Mwamba, naye wa Mazembe, akatolewa. Dakika ya 22 goli la nne likaingia. Wachezaji wakamzunguka arbitre, Omar Delgado wa Colombia, na katika ile fujo mtu mmoja akampiga teke kwa nyuma. Delgado akageuka, akatoa nyekundu. Akampa Ndaye Mulamba.

Lakini aliyepiga teke alikuwa Mwepu Ilunga. Yeye mwenyewe alikubali baadaye. Mwepu alivaa namba 2, Ndaye alivaa namba 13. Ndaye alitoka, Mwepu akabaki kucheza. Mechi ikaisha 9-0, na mfungaji bora wa Afrika hakucheza mechi ya Brazil.

Nionyeshe basi orodha yote ya kadi nyekundu za kombe lile. Ni tano tu: Caszely wa Chile, Montero Castillo wa Uruguay, Ndaye wa Zaire, Ray Richards wa Australia na Luís Pereira wa Brazil. Ukizipanga katika meza, kila moja ni namba 1. Zote zinafanana. Lakini angalia ndani. Ya Ndaye ni ya mtu mwingine. Ya Richards nayo ina kisa: tarehe 22 Juni, dhidi ya Chile, alipata njano ya pili na hakufukuzwa, akaendelea kucheza kwa dakika kadhaa mpaka arbitre akakumbushwa. Maana yake, katika mistari mitano ya orodha rasmi, mmoja umeandikwa jina lisilo lake, na mwingine uliandikwa kwa kuchelewa. Mwanafunzi akiniletea meza ya shamba lenye viwanja vitano, na kibao cha kimoja kimebadilishwa na cha jirani, singekubali atoe hitimisho. Na hapa tunahesabu kadi, vitu ambavyo watu elfu nyingi waliviona kwa macho.

Sasa ile video. Ni siku hiyohiyo ya 22 Juni, Gelsenkirchen. Brazil walikuwa wametoka 0-0 mara mbili. Ili wawapite Scotland walihitaji kuifunga Zaire magoli 3. Upande wa pili, inasimuliwa kwamba watu wa Mobutu waliwaambia wachezaji wetu wasifungwe 4 ao zaidi, la sivyo wasifikirie kurudi nyumbani. Mwepu mwenyewe alisema miaka mingi baadaye kwamba sheria alizijua na alifanya kwa makusudi. Hakuona sababu ya kuendelea kuumia kwa faida ya wakubwa waliokaa kwenye viti wakitazama. Mechi iliisha 3-0. Brazil wakapita.

Kwa tendo lile alipata njano tu. Hesabu basi: kumpiga teke arbitre, sifuri kwa Mwepu; kupiga mpira mbali, njano moja. Tena ile njano si ya faulo kabisa, juu hakumgusa mtu. Kadi na faulo ni vitu viwili, hata kama watu wanavichanganya kila siku. Kuna kadi bila faulo, na kuna faulo nyingi bila kadi.

Na Brazil, mabingwa wa 1970, wale tunaowaita wenye mpira mzuri? Siku 11 baadaye, tarehe 3 Julai, Dortmund, walikutana na Uholanzi ya Cruyff. Uholanzi ilikuwa inakimbiza mpira kila upande, Brazil wakashindwa kuupata, wakaanza kupiga watu. Mechi ile inakumbukwa kwa ukali wake. Luís Pereira akapata nyekundu, Brazil wakafungwa 2-0. Hakuna anayesema kwamba Wabrazili hawakujua sheria. Tunasema walizidiwa. Kwa nini basi Mwepu ni mjinga, na Pereira ni mtu aliyezidiwa? Namba zao ni zilezile ao karibu. Kinachotofautiana ni maneno tuliyoyabandika juu ya namba.

Mechi ile ya Dortmund inatufundisha pia kitu kuhusu namna ya kucheza. Faulo anaifanya, mara nyingi, yule asiye na mpira. Ukikaa na mpira, utampiga nani? Kwa hiyo ekipe inayozuia na kungoja itaandikiwa faulo nyingi kuliko ile inayomiliki mpira, hata kama wachezaji wake ni wapole. Katika agronomia hatusemi paka “shamba hili lilitoa magunia 40”. Tunauliza: kwa hekta ngapi? Faulo nazo zina hekta zake, nazo ni dakika ambazo ekipe haina mpira.

Chukueni mfano, wa kujifunzia tu. Mpira umechezwa kweli dakika 55. Ekipe A imekaa bila mpira dakika 35, ikafanya faulo 14. Ekipe B imekaa bila mpira dakika 20, ikafanya faulo 10. Redioni watasema A ni wakali. Gawanyeni: A, 14 kwa 35 ni 0.4 kwa dakika. B, 10 kwa 20 ni 0.5. Ile yenye faulo chache njo inayopiga zaidi kila inapopoteza mpira! Pengine inafanya hivyo kwa akili: inashambulia na watu mingi, na ikipoteza mpira inamshika mpinzani mapema, katikati ya uwanja, kabla hajakimbia. Faulo ndogo, mbali na goli, mara nyingi bila kadi. Hiyo ni namna ya kucheza, na hesabu ya jumla haikuonyeshi.

Mfano wa kweli wa karibu ni Brazil na Colombia, robo fainali ya 2014 pale Fortaleza. Faulo zilikuwa 54, nyingi kuliko mechi yoyote ya kombe lile: Brazil 31, Colombia 23. Ukisoma hivyo, Brazil njo waliokuwa wakali, na kweli walimpiga sana James Rodríguez, kwa zamu, ili asipate nafasi. Lakini goti lililomvunja Neymar mfupa wa mgongo lilitoka kwa Juan Zúñiga wa Colombia, na Zúñiga hakupewa kadi yoyote. Tukio zito kuliko yote la mechi halimo kwenye hesabu ya kadi. Miaka 40 baada ya Gelsenkirchen, ugonjwa ni uleule.

Mnaweza kusema: leo kuna VAR. Ndiyo, na hapa kuna jambo linalonigusa. VAR iliingia Kombe la Dunia mwaka 2018 na kazi nne tu: goli, penalti, nyekundu ya moja kwa moja, na kadi aliyopewa mtu asiye mwenyewe. Ile ya nne njo kesi ya Ndaye Mulamba, neno kwa neno. Mpira wenyewe umekubali kwamba kosa hilo ni kubwa kiasi cha kusimamisha mechi na kulirekebisha. Mwepu alikufa 2015, hakuiona. Ndaye alikufa Januari 2019 kule Afrika Kusini. Katika orodha ya 1974, nyekundu bado ni yake.

Kwa nini nawaandikia haya, shiye watu wa lisansi na wanafunzi? Kwa sababu kesho kazi zetu zitakuwa za meza na namba: mavuno, wagonjwa, wanafunzi, pesa. Mtu atakuletea meza safi, na nyuma yake kutakuwa namba 2 na namba 13 waliobadilishana bila mtu kujua. Maswali ya kuuliza ni matatu: nani aliandika, alikuwa anaona nini, na tunagawanya kwa nini?

Wale wanaopenda mpira wajaribu jambo hili kwenye mechi ijayo ya Mazembe na Lupopo. Chukua daftari. Kila faulo, andika vitu vinne: dakika, sehemu ya uwanja, ekipe iliyokuwa na mpira, na namba ya mgongoni ya aliyefanya. Andika pia zile ambazo arbitre hakupiga filimbi, lakini katika ukurasa wa peke yake. Mwisho wa mechi, linganisha kurasa hizo mbili. Kama wewe ni mfuasi wa Mazembe, muombe wa Lupopo akae pembeni yako na daftari lake. Mtagombana, na pale mnapogombana weka alama.

Na ile video ikirudi, usikae kimya. Mwambie anayecheka kwamba mtu huyo alikuwa bingwa wa Afrika, kwamba sheria alizijua, na kwamba siku nne kabla rafiki yake alitolewa nje kwa teke lake yeye. Halafu muulize ni lipi kati ya hayo liko kwenye takwimu.

Mniandikie hapa chini mnavyoona. Mubaki na amani.