Habari ya Kurejea kwa Wageni Baada ya Maradhi ya 2020, na Jinsi Wakulima Wetu Walivyoipokea

Kamati ya Chama Kikuu, ilipogawa kazi za kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10, iliniagiza mimi Katibu niandike tarikhi ya ile miaka ambayo wageni walitoweka Unguja kwa sababu ya maradhi, kisha wakarejea. Nilitaka kukataa. Si kwa uvivu, bali kwa kuwa tarikhi hiyo ina ukurasa mmoja unaonihusu mwenyewe, wala haunipendezi. Mzee Mwenyekiti akanijibu kwamba tarikhi iliyoandikwa kwa kuruka kurasa ni tangazo tu. Basi naiandika yote.

Wanachama walio vijana hawana budi kukumbushwa kwamba wazee wetu hawakuzaliwa wakiuza saladi. Walikuwa watu wa karafuu na nazi. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu, ilipanda mikarafuu yake hata ikajitosheleza. Bei ikaporomoka katika miaka ya 1980, na Serikali ikageuza uso kuelekea utalii. Hoteli zikaota katika fukwe za kaskazini na mashariki, Nungwi, Matemwe, Kiwengwa, Paje na Jambiani. Nasi wa mashamba ya ndani, ambao bahari twaiona siku ya Sikukuu, tukajikuta twaulizwa kama twaweza kuleta hoho za rangi tatu.

Vyama vyetu vya msingi vilipoungana mwaka 2015, shabaha ilikuwa hiyo: mboga na matunda yakusanywe pahali pamoja, yapimwe kwa mizani moja, yapelekwe kwa gari moja, wala mkulima asihangaike peke yake na pakacha lake kichwani kwenye lango la nyuma la jiko la watu. Mwaka huohuo kipindupindu kilizuka, na mwaka 2016 uuzaji wa vyakula mitaani ukapigwa marufuku. Wageni hawakukatika, na kwa sababu hiyo sote tuliliona jambo lile kuwa ni mvua ya kupita. Mkutano Mkuu wetu wa kwanza haukuuliza tutafanya nini hoteli zikifungwa. Nimezipekua kumbukumbu za mkutano huo mara nyingi. Swali hilo halimo.

Mwaka 2019 wageni 538,264 waliingia Zanzibar, idadi iliyokuwa haijapata kufikiwa. Machi 2020 Serikali ilisimamisha kwanza ndege za kukodi zilizoleta watalii kutoka Italia, ambako maradhi ya Korona yalikuwa yamekwisha kuua watu wengi. Tarehe 16 Machi akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa Tanzania, huko Arusha, na siku mbili baadaye akatangazwa wa Zanzibar. Skuli zikafungwa. Mwezi wa Aprili ndege za abiria kutoka nchi za nje zikazuiliwa nchini kote. Mwaka ulipokwisha, wageni walioingia visiwani walikuwa 260,644, yaani pungufu ya nusu ya wale wa mwaka uliotangulia.

Tarakimu hizo zilichapwa baadaye. Sisi khabari ilitufikia kwa njia ya saladi. Tungule huuzika popote. Hata bei ikianguka namna gani, Mwanakwerekwe hapakosi mtu wa kuzichukua. Bali saladi haina mwenyewe katika majiko yetu, penye mchicha, kisamvu na matembele. Wanachama waliikata wakawapa mbuzi, na mbuzi nao baada ya siku ya tatu wakaikinai. Hoho nyekundu na za manjano zilioza miguuni mwa mashina yake, kwa kuwa mnunuzi wa sokoni alizitazama akauliza kama zimeugua.

Sasa ule ukurasa wangu. Kanuni za Chama zasema kwamba mzigo hautoki ghalani bila ya oda iliyotiwa saini, na kwamba hoteli isiyolipa kwa majuma mawili isipelekewe tena. Mimi nilipeleka kwa majuma sita, kwa ahadi ya mdomo, kwenye hoteli moja ambayo meneja wake alikuwa mtu wa maneno mazuri, na kila nilipofika alinikaribisha chai. Kanuni nilizijua, niliziandika kwa mkono wangu. Hoteli ilipofungwa, meneja alikuwa amekwisha kuondoka na ndege za mwisho, na simu yake haiiti. Wakulima wa vyama viwili vya msingi wakawa wananidai mimi, maana hoteli hawaijui. Wamjuaye ni Katibu. Bibi mmoja wa Donge, mjane, alikuja ofisini siku nne mfululizo, akakaa kwenye benchi bila ya kusema neno, kisha akaondoka. Afadhali angalinitukana.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwishoni mwa Aprili, na vijana wetu waliifunga wakiwa nyumbani: wapishi, wahudumu, madereva, watembeza wageni. Wako miongoni mwao ambao hawakuwa wameshika jembe tangu walipotoka skuli, na malengelenge ya mikono yao yalikuwa kichekesho cha barazani. Lakini walilima. Muhogo haungoji ndege, wala ndizi haziulizi hati ya kusafiria. Huko Paje na Jambiani, baadhi ya wanawake waliouacha mwani kwa ajili ya kazi za hoteli walionekana tena pwani maji yatokapo. Nayataja haya kwa kuwa baadaye watu walisema kwamba wananchi walikaa tu wakingojea watalii warudi. Hawakukaa.

Juni 2020 Zanzibar ilifunguliwa tena. Kuanzia mwisho wa mwaka huo wakaja Warusi kwa wingi, wakati nchi nyingine nyingi zingali zimewafungia watu wake milango. Hoteli zikapiga simu. Wachache kati yetu waliitikia kwa furaha, wakapanda kama zamani, na Aprili 2021 Urusi ikasimamisha safari za ndege zake kuja Tanzania kwa sababu ya maradhi. Ndege zilikuja zikarejea, hata Februari 2022 vikazuka vita, na mamia ya watalii wa Ukraine wakakwama hapa Unguja wasijue pa kurudi. Pamoja na hayo yote hesabu ilizidi kupanda: 394,185 mwaka 2021, na 548,503 mwaka 2022, kuupita ule mwaka 2019. Ikasemwa kila pahali kwamba utalii umepona, na kwamba wananchi wana imani nao.

La kwanza lilikuwa kweli. La pili nililitilia shaka, na nitaeleza kwa nini.

Ofisini tunalo daftari la mbegu, ambamo kila mwanachama aandikiwa alichoomba na tarehe aliyokiomba. Daftari hilo halikutengenezwa kupima imani ya mtu, lakini laipima kuliko maswali ya mdomo, maana mtu akiulizwa mbele ya wageni wa heshima kama ana imani, hujibu ndiyo kwa adabu. Mchicha huvunwa kwa majuma matatu au manne. Mwenye kuupanda ameuamini mwezi mmoja, na hoteli isipoutaka jirani atautaka. Tungule zataka miezi mitatu. Pasheni yataka karibu mwaka, na chanja la kutambalia juu yake. Vanila yataka miaka mitatu. Mkarafuu wataka sita, saba, hata minane. Basi tangu Juni 2020 mpaka mwisho wa 2021 daftari letu ni mchicha, bamia, mchicha, bamia, ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka 2022, mwaka wa hesabu kubwa, tungule zimeongezeka na hoho zimeanza kuonekana. Pasheni ni za watu wachache, na vanila haimo kabisa. Wageni walikwisha kurudi wote na ziada, na mkulima wetu alikuwa angali ameamini miezi mitatu tu.

Tofauti ilikuwapo baina ya pwani na mashamba. Wenzetu wa pwani, ambao huwaona wageni kila asubuhi, walitulia mapema. Mtu wa Nungwi ukimwuliza kama utalii umepona, alikuonyesha ufuo. Mtu wa Mahonda alitaka kuonyeshwa risiti. Wala sidhani kwamba huyu wa Mahonda alikuwa na moyo mdogo. Sehemu kubwa ya mboga na matunda yaliwayo hotelini huvuka bahari kutoka bara. Hoteli yaweza kujaa hadi paa, na gari letu likarudi na mzigo wake.

Nilipokuwa nikiandaa makala haya nilitazama kama kisiwa hiki kilipata kupitia jambo la namna hii kabla yetu. Kilipitia baya zaidi. Mwishoni mwa 1869, zama za Seyyid Majid, kipindupindu kiliingia kutoka bara kwa njia ya misafara na pwani ya Pangani, kikaua maelfu ya watu mjini na mashamba hadi mwaka 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu hapa, aliandika kitabu kizima juu yake, kikachapwa 1876. Watu hawajapumua vizuri, tarehe 15 Aprili 1872 ikaja tufani iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika zaidi, ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu hata leo. Mikarafuu ya Unguja ilipandwa tena baada ya mauti na tufani, na aliyeyasoma haya kwa haraka aweza kusema: tazama imani ya watu wale! Lakini mikono iliyopanda ilikuwa mingi yake ya watumwa, na mtumwa haulizwi kama ana imani. Kwa hiyo mfano huo sikuupeleka mkutanoni, ingawa Mweka Hazina aliupenda.

Mkutano wenyewe ulikuwa Mkutano Mkuu wa 2022, nao haukwisha mpaka adhana ya magharibi. Swali lilikuwa moja: tuwauzie hoteli tena kama zamani, au tuachane nazo tukauze mjini? Vijana waliopata kufanya kazi hotelini ndio waliozitetea, jambo lililonishangaza, kwa kuwa ndio waliofukuzwa bila ya kiinua mgongo. Walisema kwamba bei ya sokoni haimsomeshi mtoto. Wazee wa Donge wakasema kwamba deni nalo halimsomeshi. Hapo watu walinitazama, nami nikatazama karatasi zangu. Mwisho ikakubaliwa kwamba mwanachama asitenge zaidi ya theluthi moja ya shamba lake kwa mboga za hoteli. Kwamba hoteli iweke amana kabla ya mbegu kutiwa ardhini. Na kwamba oda itiwe saini na wajumbe wawili wa Kamati, Katibu asiwemo. Niliandika kwa mkono wangu azimio la kuninyang'anya kalamu, na niliandika kwa hati nzuri.

Hoteli nyingi ziliichukia habari ya amana. Mbili zilikubali katika miezi ya mwanzo, kisha nyingine zikafuata, nadhani kwa sababu mzigo wa bara ulichelewa bandarini mara kadhaa wakati wa msimu. Fedha zilipoanza kutangulia mbegu, daftari likabadilika. Mwaka 2023 wageni 638,498 walikuja Zanzibar, na mwaka 2024 736,755. Lakini sisi tulikwisha kujua bila ya tarakimu hizo, kwa kuwa vuli ya 2023 watu 11 waliandikisha pasheni kwa siku moja, na kabla ya masika kuingia mwanachama mmoja wa kike akaomba marando ya vanila. Theluthi hawakuivuka. Bwana Shamba aliyetutembelea alitushauri tuipandishe iwe nusu, maana soko lipo. Alisikilizwa kwa heshima, akapewa madafu, na theluthi ikabaki theluthi.

Lile deni la majuma sita, Chama kiliwalipa wakulima kutoka akiba yake kidogokidogo, na sehemu yake ilikatwa katika mshahara wangu kwa ombi langu. Malipo ya mwisho yalitolewa Machi 2023. Yule Bibi wa Donge alipokea fedha zake, akazihesabu mara mbili, akatia dole gumba, kisha akauliza kama Chama chaweza kumpatia miche 10 ya mikarafuu. Nilimkumbusha, kwa sauti ya adabu, kwamba mkarafuu ni kazi ya miaka saba. Akasema anajua, kwamba amezaliwa chini yake. Sijui niihesabu vipi miche ile. Karafuu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, na mgeni wa hoteli hana mkono ndani yake. Pengine Bibi aliuamini udongo na wajukuu tu. Lakini juma lililofuata alirudi akaomba mbegu za hoho, nyekundu na manjano, za theluthi yake.

Hoteli ile ilifunguliwa tena chini ya wenye mali wengine, nao wasema deni si lao. Barua ya tatu tumeipeleka mwaka huu, haijajibiwa, na ukurasa wake katika daftari la madeni haujapigwa mstari. Miche ya Bibi ilipandwa masika yaleyale. Minane imeshika, na mrefu wao wanifika kiunoni.